"Reli Hii Ni Yangu"

Wako watu wazima katika nchi za Uingereza, Ujerumani na Marekani, wenye kazi zao na heshima zao, ambao jioni wakiisha kula huingia katika chumba cha ndani, au banda la nyuma ya nyumba, wakaendesha gari la moshi ambalo injini yake haizidi shibiri moja. Wametandika reli juu ya meza. Wamejenga stesheni, daraja, kilima chenye tundu la kupitia treni, nyumba za kijiji, na watu wasiozidi pingili ya kidole wakingoja kwenye jukwaa na mizigo yao. Msomaji atakayecheka na acheke kwanza, kisha asikilize, kwa kuwa watu hawa wana ugomvi kati yao uliodumu miaka mingi, nao si ugomvi wa watoto.

Wa upande mmoja husema kwamba reli ya mfano haina budi kuwa kama reli yenyewe ilivyokuwa: rangi ile ile, mwaka ule ule, idadi ile ile ya mabehewa, hata kutu iwe mahali pake. Wa upande wa pili husema, La, huu ni mchezo; mtu akitaka kuweka joka mdomoni mwa tundu la kilima, au kuipa injini pua na macho, ni nani wa kumzuia? Nao wana msemo wao, ambao wauita kanuni ya kwanza, na ukiisha kutamkwa mashauri yote hukoma: "Reli hii ni yangu."

Sisi twasema kwamba msemo huo ni mbaya. Hatusemi kwamba joka ni baya, wala pua, hayo tutayafikia. Twasema kwamba neno "ni yangu" si jibu kwa aliyeuliza kama jambo ni zuri au ni la kweli. Mwalimu akimwuliza mtoto kwa nini hesabu yake ni mbovu, naye akajibu kwamba daftari ni lake, je, amejibu?

Shuleni petu, si mbali na reli ya Kati, watoto wa darasa la pili hutengeneza gari la moshi kwa mabua ya mtama, na magurudumu ya udongo. Siku moja tuliwatazama bila wao kutuona. Mmoja wao alikuwa ameweka mbele ya injini yake kichwa cha kondoo dume, na pembe zake, amekifinyanga vizuri sana. Wenziwe hawakumkataza, walikisifu. Walakini alipoipitisha treni yake stesheni asingoje bendera ya kijani, kelele zilipanda, nao wakamwendea na kumnyang'anya injini, wakimwambia, "Umeua watu! Umeua watu!" Basi tukarudi ndani tukiwaza. Kondoo anayevuta mabehewa walimkubali mara moja. Treni isiyongoja bendera hawakuikubali hata kidogo.

Yako mambo ya namna hiyo hiyo yaliyomhusu kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, jina lake Wilbert Awdry, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufa mwaka 1997. Mwanawe Christopher alipougua surua wakati wa vita kuu ya pili, baba alimtungia hadithi za injini zenye nyuso, zinazonena, zinazoona wivu na kujivuna. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na kwa mkono wake vikafika vitabu 26. Leo watoto wa nchi nyingi wazijua injini hizo, na wengi hawajui kwamba mtungaji alikuwa fundi wa reli za mfano, aliyejenga kwa mikono yake stesheni ya Ffarquhar ya kisiwa chake cha kubuni, akaichukua kwenye maonyesho.

Hapa wapenda mzaha hufurahi. "Mwaona," wasema, "hata kasisi alizipa injini macho." Ndiyo, alizipa. Walakini na watazame jinsi alivyofanya kazi. Matukio ya hadithi zake alipenda yawe yamewahi kutukia katika reli ya kweli. Kisiwa chake hakipo duniani, lakini yeye na nduguye walikichorea ramani, wakakipa historia, milima na majina ya vijiji, wakajua kila njia ya reli ilijengwa na nani na kwa sababu gani. Mchoraji wa vitabu vyake alipoichora injini mmoja ndogo ya kijani isivyofanana na injini yoyote iliyopata kuundwa, kasisi alimwambia kwamba amechora kiwavi cha kijani chenye mistari myekundu. Na kwa ajili ya maneno hayo urafiki wa kazi yao ulivunjika katika mwaka 1956.

Tena, alipokuwa mzee, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa televisheni waliotengeneza picha za hadithi hizo walitunga moja ambamo injini husimama njiani kuutazama msitu, kwa kuwa yaupenda. Kasisi hakupendezwa. Hakusema kwamba injini haiwezi kupenda miti. Angesemaje hivyo yeye aliyeipa moyo? Alisema kwamba treni haiwezi kusimama hivi hivi tu katika njia kuu: imevunja Kanuni ya 55.

Labda msomaji atauliza, Kanuni ya 55 ni nini, hata mzee aumize kichwa chake kwa ajili yake? Ilikuwa amri katika kitabu cha sheria za reli za Uingereza. Treni ikizuiwa mbele ya mlingoti wa ishara, dereva apige filimbi; na kama hairuhusiwi kupita, mchochea moto, au mwingine wa watumishi wa treni, ashuke aende kwa miguu mpaka kibanda cha mtunza ishara, amkumbushe kwamba treni yao i pale, tena asiondoke mpaka ameona kwamba mtunza ishara ameweka kizuizi juu ya mkono wa chuma wa ishara ile, ili asije akasahau na kuiruhusu treni nyingine. Ndiyo yote. Ni jambo dogo, la kutembea hatua chache penye baridi na mvua.

Tarehe 22 Mei 1915, mahali paitwapo Quintinshill, katika Scotland, treni ndogo ya abiria ilikuwa imewekwa kando kwa muda katika njia kuu isiyokuwa yake. Mchochea moto alikwenda kibandani kama ilivyoamriwa, akatia sahihi katika daftari, akarudi. Lakini hakuhakikisha kwamba kizuizi kimewekwa, nacho hakikuwekwa. Mtunza ishara akaisahau treni iliyosimama mbele ya dirisha lake. Akairuhusu treni iliyojaa askari wakienda vitani, ikaigonga. Na baada ya dakika si nyingi ikaja treni ya tatu kwa mwendo mkali, ikaingia katika mabaki na watu waliokuwa wakijikokota njiani. Taa za mabehewa zilikuwa za gesi, moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 200.

Basi, kasisi aliposema "Kanuni ya 55", alikuwa akisema habari ya jambo lililonunuliwa kwa damu. Nasi twasadiki kwamba watoto wetu wa mabua walikuwa wakisema neno lile lile. Uso juu ya injini haumdanganyi mtu; hata mtoto wa miaka mitatu ajua kwamba injini hazina nyuso. Treni isimamayo popote ipendapo ndiyo idanganyayo, kwa kuwa yafundisha kwamba reli ni kitu kisicho na sheria, na kwamba mtunza ishara, dereva na mchochea moto hawakuwa na kazi.

Wapenda mzaha wana mtetezi mwingine mkubwa, nao humtaja mara kwa mara: Rowland Emett, mchora katuni wa Uingereza, aliyechora injini nyembamba zenye mabomba marefu kama shingo za korongo, na madereva wazee wenye masharubu. Michoro yake ni mizuri, hatukatai. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilipofanya sikukuu kubwa ya kuonyesha kazi za taifa, reli ya Emett ilijengwa kweli katika bustani ya Battersea mjini London, ikachukua abiria. Injini zake zilivikwa sura za mzaha, moja ikaitwa Nellie, nyingine Neptune. Mwezi wa Julai mwaka ule ule treni mbili za reli hiyo ziligongana uso kwa uso, abiria mmoja akafa na wengine wakaumia. Hatusemi kwamba mzaha wa Emett ndio uliomwua mtu huyo. Kusema hivyo kungekuwa dhuluma. Twataja tu kwa sababu wako wanaonena habari za reli ile kana kwamba iliishi mbinguni. Chini ya bati lililopakwa rangi za kuchekesha palikuwa na chuma chenye uzito na mwendo, na chuma hakijui mzaha.

Tuje sasa kwa Mmarekani John Allen, ambaye ndiye mgumu kuliko wote kwetu sisi, kwa kuwa alivunja kila tulilolisema na bado twamstahi. Mtu huyu alikaa Monterey, katika California, akajenga katika sehemu ya chini ya nyumba yake reli ya milima na mabonde iliyoanzia sakafuni na kufikia dari. Jina lake, Gorre & Daphetid, ni mzaha wa maneno: ukilitamka haraka kwa Kiingereza lasikika kana kwamba reli imeshindwa vitani, imelowa damu. Na katika uwanja mmoja wa kupanga mabehewa hakuweka injini. Aliweka dinosau, mnyama wa zamani za zamani mwenye mabamba mgongoni, amefungwa kazi ya kusukuma mabehewa. Akampa jina Emma, na namba 13 kama injini nyingine.

Je, huyu si baba wa wote wasemao "Reli hii ni yangu"? Twasema hapana. Katika siku ambazo mafundi wengi waliacha injini zao ziking'aa kama zimetoka dukani, Allen alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipaka vumbi, masizi na kutu, kwa kuwa alikuwa amezitazama injini zifanyazo kazi akaona kwamba ni chafu. Majengo yake yalikuwa yamechakaa mahali ambapo mvua huchakaza. Rafiki zake walikuja kuendesha treni kwa ratiba, kila mtu na kazi yake, na treni ikichelewa ilihesabiwa kuwa imechelewa. Dinosau huyo mmoja alisimama katikati ya kutu ya kweli, ndiyo maana alichekesha. Waliomwiga walichukua dinosau wakaacha kutu. Yeye alikufa Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi yake yote; yaliyobaki kwa wengi wetu ni picha tu.

Sasa tumegeukia upande wa pili, maana hao wahesabu ribiti wamekaa kimya wakidhani twawatetea. Hatuwatetei sana.

Wao hujisifu kwa kipimo. Haya, na tupime. Reli za mfano zipendwazo kuliko zote katika Uingereza hufuata kadiri ya mtu 1 kwa 76, yaani milimita nne kwa kila futi. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ya kweli ya huko ni milimita 1,435. Lakini reli ya mfano yao ina upana wa milimita 16.5, ambao ukikuzwa mara 76 hautimizi hata milimita 1,260. Umepungua zaidi ya sentimita 17! Sababu yake si ya siri: zamani injini za Waingereza zilikuwa ndogo kuliko za bara la Ulaya, na mota ya umeme haikuingia tumboni mwa injini ya kadiri ya 1 kwa 87; basi wakaikuza injini, wakaiacha reli vile vile. Tangu hapo treni zao husimama juu ya miguu iliyokaribiana kama mbuzi juu ya jiwe. Wako waliojitaabisha kutengeneza upana wa milimita 18, na hata 18.83, nao twawavulia kofia. Lakini hao nao wana meza ya mita chache. Pindo la njia kuu lenye nusu kipenyo cha mita 400 lingetaka zaidi ya mita tano mezani. Wao hulipa sentimita 60 au 90. Maili moja ingetaka mita 21. Wao huweka stesheni mbili katika mita nne. Kila reli ya mfano imekatwa, imekunjwa, imefupishwa. Asiyekubali kubuni, na asijenge.

Aliyelifahamu jambo hili kuliko wengi ni Roye England, mtu wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Alilipenda bonde liitwalo Vale of White Horse, akaona nyumba zake za kale za kuezekwa kwa nyasi zikibomolewa au kubadilishwa moja moja, wala hapana aliyejali. Akaazimu kuzihifadhi kwa njia ya mfano. Alikwenda nyumba kwa nyumba akipima na kupiga picha, bustani na kuta na mapaa. Na mwaka 1954 ikaanzishwa nyumba ya makumbusho, Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, ambamo kazi hiyo yaendelea mpaka leo, ingawa yeye alifariki mwaka 1995. Ukimwuliza mhesabu ribiti yeyote ni wapi kweli imekaa kitako, atakuelekeza huko.

Nacho kijiji kinachoonyeshwa huko, Pendon Parva, hakikuwako kamwe. Nyumba ni za kweli, kila moja na ufa wake. Lakini zimetolewa vijiji mbalimbali zikakutanishwa katika kijiji cha kubuni. Na katika makumbusho hayo hayo imewekwa reli ya John Ahern, Madder Valley, aliyoibuni yote tangu miaka ya mwisho wa 1930, bonde lisilokuwako lenye injini za makabila mbalimbali. Hazikugombana chini ya paa moja. England hakukusanya nyumba hizo kwa sababu "ni zangu", bali kwa sababu zilikuwa za watu waliozijenga na kuzikaa. Naye Peter Denny, kasisi mwingine, aliyeanza reli yake ya Buckingham katika miaka ya 1940, alijenga tawi ambalo kampuni ya Great Central haikulijenga kamwe, akaliweka katika mwaka 1907, akaliendesha kwa kengele na ratiba. Na alipokosa mtu wa kuishika stesheni moja, aliunda mashine ya kujibu kengele, akaiita kwa jina la mwanawe. Je, ni kweli au ni ndoto? Wahesabu ribiti wenyewe waliisifu reli ya Denny miaka yote, wala hawakuona kwamba wamejihukumu.

Hamburg, katika Ujerumani, kuna jumba lililofunguliwa mwaka 2001 ambalo watu huenda kwa wingi kuliko popote kutazama reli za mfano. Lina watu wadogo zaidi ya laki mbili, mji wa kubuni wenye kiwanja cha ndege, na vichekesho vilivyofichwa kila pembe. Hata chombo cha nyota cha sinema huruka pale baina ya ndege. Hatutakaa hapo. Ni biashara, na mwenye biashara hutoa kitakacholeta watu.

Twataka tukae kidogo karibu na nyumbani. Wako mafundi wa Ulaya wanaojenga mifano ya magari ya moshi ya Afrika ya Mashariki, hasa zile injini kubwa za Garratt, daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kuletwa katika miaka ya 1950. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima yetu. Moja, Mount Gelai, ingali katika makumbusho ya reli mjini Nairobi, na mtu aweza kuigusa. Twaambiwa kwamba rangi yake ndiyo hujadiliwa sana, na idadi ya ribiti katika tangi la maji. Vema, na zihesabiwe. Lakini reli ya Mombasa mpaka ziwani ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na Wahindi karibu 32,000, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikutunzwa hivyo. Kuna waliovunja mawe, waliochota maji, waliobadili njia za treni usiku kwa taa ya mkono. Je, hao nao wana kadiri yao ya 1 kwa 76? Au jukwaa la stesheni litabaki na twiga mmoja, na mtu mweupe mwenye kofia ya jua, na minazi mahali pasipoota mnazi?

Maana huo ndio mzaha unaotuudhi kuliko joka na kuliko Emma. Aliyeweka dinosau alijua kwamba anachekesha. Aliyeweka twiga jukwaani na kusahau watu adhani ameonyesha kweli, na ukimwuliza atakuonyesha ribiti zake, na ukizidi kumwuliza atakuambia kwamba reli ni yake.

Basi, ndugu fundi, ukitaka kuijenga stesheni ya kwetu, weka kwanza mama auzaye ndizi akikimbia kando ya dirisha na chenji mkononi, treni ikiwa imeanza kuondoka. Weka mtu wa bendera, na bendera yenyewe. Ukiisha, kama bado pana nafasi mezani na moyo wako wataka, mlete na dinosau; tutakuja kumtazama, na watoto wa darasa la pili tutakuja nao, wahakikishe kwamba anangoja bendera.